Tata Raphaël: Padri aliyeijengea Kinshasa viwanja, umati ukaamua vitumikeje

Maniema Union ilipofika hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika msimu wa 2024/25, mashabiki wake wa Kindu, Kasongo na Nyangwe walikuwa na furaha yenye kasoro moja. Mechi za nyumbani za timu yao zilichezwa Kinshasa, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Maniema. Aliyetaka kuifuata alitegemea redio, simu au ndugu aliyeko mji mkuu.

Swali la kwa nini mpira mkubwa wa Kongo unaishia Kinshasa lina majibu mengi, yakiwemo fedha, barabara na siasa. Lakini jibu mojawapo linarudi nyuma zaidi ya miaka 100, kwa padri mmoja wa Kibelgiji aliyefika mwaka 1917 na kuanza kutafuta ardhi ya kuchezea vijana wa mji uliokuwa bado unachipuka.

Jina lake kamili lilikuwa Raphaël de la Kethulle de Ryhove. Wakazi wa Kinshasa hawakuhangaika nalo. Walimwita Tata Raphaël, yaani Baba Raphaël kwa Kilingala, na jina hilo ndilo limebaki kwenye lango la uwanja wake mkubwa hadi leo.

Mto mmoja, miji miwili

Hadithi ya Kinshasa ina mguu mmoja Nyangwe. Katika karne ya 19, mji huo ulio kwenye ukingo wa mashariki wa Lualaba ulikuwa kituo kikubwa cha biashara ya pembe za ndovu na watumwa, na soko lake lilivuta watu kutoka pande zote mbili za mto. Ni hapo ambapo David Livingstone alishuhudia mauaji ya mamia ya watu waliokuja sokoni, Julai 15, 1871.

Miaka mitano baadaye Henry Morton Stanley alipita hapo akiwa na Tippu Tip, akaanza safari ya kuufuata mto bila kujua unaishia wapi. Alitoka eneo la Nyangwe Novemba 1876, na Machi 1877 akafika kwenye bwawa pana la mto lililo juu ya maporomoko ya mwisho. Mwaka 1881 alirudi hapo kuanzisha kituo alichokipa jina la mfalme wa Ubelgiji: Léopoldville, Kinshasa ya leo.

Mambo yakageuka. Nyangwe, iliyotekwa na majeshi ya Dola Huru ya Kongo mwaka 1893, ikapoteza biashara yake na kuwa mji mdogo. Léopoldville ikapata reli kutoka Matadi mwaka 1898, ikapata bandari, maghala na viwanda, kisha mwaka 1923 ikatangazwa kuwa makao makuu ya koloni. Vijana wakamiminika kutafuta kazi. Walipofika walipata ajira na kambi za wafanyakazi, lakini hawakuwa na mahali pa kupumzikia zaidi ya vilabu vya pombe.

Mtoto wa ukoo wa kifahari

Raphaël alizaliwa mwaka 1890 karibu na Bruges, kaskazini-magharibi mwa Ubelgiji, katika ukoo wa kikabaila. Alikuwa na njia nyingi za maisha mbele yake, lakini alichagua kuingia shirika la wamisionari wa Scheut, lililoanzishwa mwaka 1862 karibu na Brussels na padri Théophile Verbist.

Shirika hilo lilianza kwa kupeleka mapadri China. Baadaye, kwa kuombwa na Mfalme Leopold II, likaelekezwa Kongo pia, ambako lilipewa sehemu kubwa za magharibi na Kasai. Maniema ya kusini ilihudumiwa na shirika jingine, Mapadri Weupe. Ndiyo sababu alama za Tata Raphaël ziko magharibi, na watu wengi wa mashariki wanalijua jina lake kwa sababu ya uwanja tu.

Alipofika Léopoldville mwaka 1917 vita vikuu vya kwanza bado vilikuwa vinaendelea Ulaya. Kazi aliyopewa ilikuwa ya shule. Kwa karibu miaka 40 iliyofuata alihusika na shule za mapadri wa Scheut mjini humo, zikiwemo zile zilizotoa makarani, walimu na wafanyakazi wa ofisi wa kizazi cha kwanza cha Kinshasa.

Kilichomtofautisha na wamisionari wengi wa wakati wake ni kwamba hakuona shule inaishia kengele ya mwisho inapolia. Kijana akitoka darasani saa nane mchana, alitaka kujua anakwenda wapi. Jibu lake lilikuwa uwanja.

Mpira kabla ya viwanja

Mwaka 1919, miaka miwili tu baada ya kuwasili, alianzisha chama cha michezo cha Wakongo, ambacho baadaye kilipewa hadhi ya kifalme na kujulikana kama Association Royale Sportive Congolaise. Chama hicho kilikusanya timu, kikapanga mashindano na kuweka kanuni.

Wachezaji wengi walicheza pekupeku. Viwanja vilikuwa sehemu za wazi zenye vumbi wakati wa kiangazi na matope wakati wa mvua. Magoli yalikuwa miti miwili. Lakini ratiba ilikuwepo, mwamuzi alikuwepo, na watu walianza kuzoea kwamba Jumapili mchana kuna jambo la kwenda kutazama.

Klabu zikazaliwa. Mwaka 1935 ilianzishwa timu ambayo leo ni AS Vita Club. Mwaka uliofuata ikaja Daring, ambayo Tata Raphaël mwenyewe anahesabiwa kuwa mwanzilishi wake, na ambayo leo inaitwa Daring Club Motema Pembe. Upinzani wa timu hizo mbili ungali unagawa familia za Kinshasa.

Sambamba na mpira alikuza skauti, mazoezi ya viungo na bendi. Mwaka 1925 alianzisha pia umoja wa wanafunzi waliosomeshwa na mapadri wa Scheut, uliojulikana kwa kifupi kama ADAPES. Mmoja wa viongozi wake alikuwa Jean Bolikango, mwalimu wa muda mrefu katika shule za misheni, ambaye baadaye alikuwa miongoni mwa wanasiasa wakubwa wa Kongo wakati wa uhuru. Wakati ambapo Mkongo hakuruhusiwa kuunda chama cha siasa, umoja wa wanafunzi wa zamani na kamati ya timu ya mpira vilikuwa kati ya sehemu chache ambako alijifunza kuendesha kikao, kupiga kura na kutunza fedha za watu.

Nia ya Kanisa na ya serikali ilikuwa wazi. Waliogopa pombe, kamari, ngoma za usiku na, zaidi ya yote, vijana wengi wasio na shughuli wakizungumza mambo yao. Michezo ilionekana kuwa dawa: inachosha mwili, inafundisha nidhamu na inawaweka vijana mahali wanapoonekana. Tata Raphaël hakuwa mpinzani wa ukoloni. Alikuwa mtu wa mfumo ule, aliyependa vijana wake kwa namna ya baba anayeamua kila kitu nyumbani.

Mji uliokatwa katikati

Ili kuelewa kazi yake ya ujenzi, ni lazima kuutazama mji wenyewe. Léopoldville ilipangwa kwa kutenganisha watu. Wazungu walikaa karibu na mto, kwenye mitaa yenye miti na nyumba zenye nafasi. Waafrika waliwekwa kusini, katika mitaa iliyojaa watu. Usiku Mwafrika hakuruhusiwa kuwa upande wa Wazungu bila kibali.

Katikati ya pande hizo mbili paliachwa ukanda wa ardhi. Wapangaji wa mji waliutetea kwa hoja za afya, wakidai kuwa nafasi hiyo ingezuia malaria kuvuka kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Kwa vitendo ulikuwa mpaka wa rangi.

Ukanda huo ulijazwa sehemu za burudani. Uwanja wa gofu ukawekwa hapo. Bustani ya mimea ikapandwa, na bustani ya wanyama ikajengwa karibu nayo. Kwa hiyo mpango wa burudani wa Léopoldville ulikuwa na kazi mbili kwa wakati mmoja: kumpa Mzungu mahali pa kupumua na kumweka Mwafrika mbali. Hadi leo gofu na bustani hizo ziko palepale, katikati ya jiji la mamilioni ya watu, na wengi wanaopita kando yake hawajui kwamba zilianza kama uzio.

Hapo ndipo ubishi wa Tata Raphaël ulipokuwa na maana. Kama ardhi nzuri ya michezo ilikuwa inagawanywa, alitaka Waafrika wawe na fungu lao. Hakupinga mgawanyo wa mji wenyewe. Alidai uwanja ndani ya mgawanyo huo. Lakini katika koloni ambako bajeti ya burudani ilianza na kuishia kwa Wazungu, hata hilo lilihitaji mtu mwenye jina, mwenye ukoo mkubwa Ubelgiji na mwenye milango ya ofisi iliyofunguka alipobisha.

Kutoka Astrid hadi Baudouin

Uwanja wake mkubwa wa kwanza ulikamilika katika miaka ya 1930, ukapewa jina la Malkia Astrid wa Ubelgiji, aliyekuwa ameitembelea Kongo kabla ya kuwa malkia na ambaye alikufa kwa ajali ya gari nchini Uswisi Agosti 1935. Jina hilo la kifalme lilikuwa heshima, lakini pia lilikuwa kinga: si rahisi kwa ofisa wa koloni kuunyima saruji uwanja wenye jina la malkia aliyependwa.

Huo ulikuwa uwanja wa kweli, wenye uzio, lango na majukwaa. Kwa mara ya kwanza mashabiki Waafrika wa Léopoldville walikuwa na mahali pa kukaa wakatazama mpira. Timu kutoka Brazzaville, ng'ambo ya mto, zilivuka kuja kucheza, na mechi za miji hiyo miwili zikawa tukio kubwa.

Vita vikuu vya pili vikabadilisha kila kitu. Viwanda vilihitaji wafanyakazi, na idadi ya wakazi ikapanda kwa kasi. Uwanja wa zamani ukawa mdogo. Watu walikaa juu ya kuta, juu ya miti na juu ya mapaa ya nyumba za jirani.

Tata Raphaël, ambaye sasa alikuwa amepita umri wa miaka 55, akaelekeza nguvu kwenye mradi mkubwa zaidi. Uwanja mpya ulijengwa Kalamu, kusini mwa mitaa ya zamani ya Waafrika, upande ambao mji ulikuwa unapanuka. Ulizinduliwa mwaka 1952 na kupewa jina la Mfalme Baudouin, kijana aliyekuwa ameshika kiti cha ufalme mwaka mmoja tu kabla. Ulikuwa bakuli la zege lenye nafasi ya makumi ya maelfu ya watu, na ulihesabiwa miongoni mwa viwanja vikubwa kabisa barani Afrika.

Kulikuwa pia na bwawa la kuogelea na viwanja vya michezo mingine. Nia yake haikuwa kujenga jengo moja la kupigia picha. Alitaka mfululizo wa sehemu za michezo, kuanzia uwanja mdogo wa shule hadi uwanja mkubwa wa mji, ili mtoto anayepiga mpira wa matambara aone mahali anapoweza kufika.

Mtu yeyote aliyewahi kupanga uwanja anajua kwamba mpira wenyewe ndio sehemu rahisi. Kwanza ni ardhi: lazima iwe kubwa, iwe karibu na watu, na iwe na hati inayozuia mtu mwingine kuja kujenga nyumba. Kisha ni maji. Kinshasa hupata mvua nzito kwa takriban miezi minane kila mwaka, na uwanja usio na mifereji hugeuka dimbwi. Baada ya hapo ni njia za kuingia na kutoka, kwa sababu watu 50,000 huingia kwa saa tatu lakini hutaka kutoka kwa dakika ishirini. Mwisho ni nani atakayekata nyasi na kulipa mlinzi miaka kumi baada ya uzinduzi.

Katika hayo yote, uamuzi wenye matokeo makubwa kuliko mwingine wowote ulikuwa mahali penyewe. Uwanja wa Kalamu uliwekwa palepale walipokaa watu. Mfanyakazi hakuhitaji gari wala basi. Alitoka nyumbani kwa miguu, akatazama mpira, akarudi kwa miguu pamoja na maelfu ya wenzake.

Mwaka 1956

Tata Raphaël alifariki dunia mwaka 1956, akiwa na umri wa miaka 65. Alikuwa ametumia zaidi ya nusu ya maisha yake Kongo. Aliwaona vijana aliowapokea wakiwa hawajui kusoma wakiwa makarani, walimu, wanamuziki na viongozi wa vyama vya wafanyakazi. Hakuishi kuona kile ambacho umati aliouzoesha kukusanyika ungekuja kukifanya.

Mwaka huohuo wa kifo chake, makundi mawili ya wasomi wa Kongo yalitoa matamko kuhusu mustakabali wa nchi. Moja lilikubali safari ya pole pole. La pili, chama cha ABAKO kilichoongozwa na Joseph Kasa-Vubu, lilidai uhuru wa kisiasa mara moja. Joto lilikuwa linapanda, na uwanja ukawa kipimajoto chake.

Juni 1957 timu moja kutoka Brussels ilikuja kucheza na timu ya Léopoldville. Watazamaji Waafrika waliona mwamuzi Mbelgiji amewapendelea wageni. Mchezo ulipoisha, hasira ilitoka nje ya lango. Mawe yalirushwa, magari ya Wazungu yakaharibiwa, watu wakaumia. Kwa wakuu wa koloni ilikuwa fujo ya mpira. Kwa wengine ilikuwa dalili kwamba watu walikuwa wamechoka kuhukumiwa na mwamuzi wa upande mmoja, uwanjani na nje ya uwanja.

Jumapili ya Januari 4, 1959

Siku iliyobadilisha historia ya Kongo ilikuwa Jumapili, Januari 4, 1959. ABAKO ilikuwa imepanga mkutano karibu na jengo la YMCA, si mbali na uwanja. Serikali ikakataa kutoa kibali. Watu walikuwa wamekwisha kusanyika. Kasa-Vubu alijaribu kuwatuliza na kuwaomba waende nyumbani.

Wakati huohuo, katika Uwanja wa Mfalme Baudouin, Vita Club ilikuwa imefungwa na Mikado. Mashabiki wapatao 20,000 walitoka uwanjani wakiwa na machungu ya kushindwa, wakaingia kwenye barabara zilezile zilizojaa wafuasi wa ABAKO wenye machungu ya kukataliwa. Makundi hayo mawili yakawa kitu kimoja.

Ghasia ziliendelea kwa siku kadhaa. Maduka yalivunjwa, majengo ya serikali yakashambuliwa, hata shule na misheni za Kikatoliki hazikusalimika. Jeshi la koloni likafyatua risasi. Takwimu za serikali zilitaja vifo visivyofika 50, vyote vya Waafrika. Wakongo wengi hawakuwahi kuamini hesabu hiyo, wakisema waliokufa walikuwa mamia. Kasa-Vubu akakamatwa na ABAKO ikapigwa marufuku.

Januari 13, siku tisa baada ya mechi ile, Mfalme Baudouin alitangaza kwa redio kwamba Ubelgiji ingeipeleka Kongo kwenye uhuru. Uhuru ulikuja Juni 30, 1960.

Uwanja uliojengwa ili vijana wasijiingize kwenye siasa ndio uliotoa umati wa siasa. Na sababu mojawapo ni ileile iliyoufanya ufanikiwe: ulikuwa karibu na watu, na watu walitoka humo kwa miguu, wote kwa pamoja.

Majina yanabadilika, zege linabaki

Baada ya uhuru, majina ya wafalme hayakukaa muda mrefu. Chini ya Mobutu Sese Seko, Uwanja wa Malkia Astrid ukaitwa Novemba 24, tarehe aliyotwaa madaraka mwaka 1965. Uwanja wa Mfalme Baudouin ukaitwa Mei 20, tarehe ya kuanzishwa kwa chama chake, MPR, mwaka 1967.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya dhahabu. Mwaka 1973 Vita Club ilitwaa Kombe la Mabingwa wa Afrika kwa kuifunga Asante Kotoko ya Ghana mjini Kinshasa. Mwezi huohuo Leopards wa Zaire walijihakikishia nafasi ya Kombe la Dunia la 1974 nchini Ujerumani Magharibi, wakawa timu ya kwanza kutoka kusini mwa Sahara kufika huko.

Kisha ikaja alfajiri ya Oktoba 30, 1974. Muhammad Ali na George Foreman walipanda ulingoni saa kumi usiku, kwa sababu saa hiyo ilifaa watazamaji wa televisheni Marekani. Pambano lilikuwa limeahirishwa wiki tano baada ya Foreman kuchanika juu ya jicho akiwa mazoezini. Watu wapatao 60,000 walijaza majukwaa, wakimshangilia Ali kwa Kilingala. Raundi ya nane Foreman akaanguka. Muda mfupi baada ya pambano mvua kubwa ya msimu ikamwagika na kuufurika uwanja. Waandaaji walikuwa wameezeka paa juu ya ulingo, wakijua wazi kuwa walikuwa wanashindana na mawingu.

Dunia nzima ilijua jina la Mobutu siku hiyo, na lengo lake lilikuwa hilo. Wachache walijua jina la padri aliyepata ardhi ile.

Mobutu alipoondolewa mwaka 1997, viwanja vikapewa majina mapya tena. Ule wa kwanza ukapewa jina la Kardinali Joseph Malula, Mkongo wa kwanza kuwa kardinali. Ule wa Kalamu ukapewa jina ambalo watu wengi hawakuwahi kuacha kulitumia: Tata Raphaël. Katika nchi iliyong'oa sanamu za Leopold na Stanley, Mbelgiji mmoja alirudishiwa lango lake.

Kinachobaki kwa Maniema

Si kila mtu anaikubali heshima hiyo. Wapo wanaosema alikuwa mtumishi wa koloni aliyetumia mpira kama hatamu. Hoja hiyo ina uzito, na historia ya chama chake, skauti wake na uangalizi wa misheni juu ya vijana inaiunga mkono. Lakini wanaomtetea huonyesha kitu ambacho hakina ubishi: ardhi ile bado ni ya michezo. Mwaka 2023, Kinshasa ilipoandaa Michezo ya Nchi Zinazozungumza Kifaransa, kumbi mpya zilijengwa katika eneo hilohilo. Isingekuwa imetengwa mapema, leo ingekuwa mitaa ya nyumba na maduka.

Hapo ndipo hadithi yake inawagusa watu wa Nyangwe, Kasongo na Kabambare. Katika miji na vijiji vya Maniema kusini, uwanja wa mpira mara nyingi ni ule wa shule au wa misheni, au sehemu ya wazi ambayo hakuna aliyeipimia mipaka. Hucheza hapo leo. Kesho mtu huweka nguzo za nyumba kwenye kona, keshokutwa soko husogea hadi golini. Kindu ina uwanja wake na ina timu iliyofika hatua ya makundi barani, lakini wageni wa Maniema Union walipokelewa Kinshasa.

Kujenga majukwaa ya watu 60,000 si kazi ya mji mdogo. Kupima mita 105 kwa 68 za ardhi, pamoja na nafasi ya watazamaji pembeni, kuielekeza kaskazini na kusini ili jua la jioni lisimpige kipa machoni, kuchimba mfereji kuizunguka na kuiandikisha kwa jina la umma, hiyo ni kazi ambayo mji wowote unaweza kuianza. Inahitaji mtu wa kubisha mlango wa ofisi mara ya kwanza, ya pili na ya ishirini.

Tata Raphaël alibisha milango hiyo kwa karibu miaka 40. Alikuwa na jina kubwa la ukoo lililomsaidia kufunguliwa, jambo ambalo viongozi wa michezo wa Kasongo hawana. Wanacho kitu ambacho yeye hakuwa nacho: ni wa hapo, na hawahitaji kukisia vijana wao wanataka nini. Wakati ardhi ya wazi kando ya Lualaba bado ipo, uamuzi wa kuitenga uko mikononi mwao.